Namba Kumi na Saba ya Profesa Mwilambwe

Caleb, msaidizi wa Profesa Edmond Mwilambwe, aliweka faili juu ya meza yangu Jumatano moja asubuhi akaomba nakala saba. Alisema ni za tume inayochagua mkurugenzi mpya wa utafiti chuoni, na kwamba Prof hataki ukurasa hata mmoja uwe na kivuli cheusi pembeni. Nikamjibu kwamba kwangu hakuna vivuli. Akaenda kutafuta chai.

Kwa kawaida sisomi karatasi za wateja. Mwenye mashine ya nakala akiacha macho yatembee, haupiti mwezi anabaki yeye na mashine yake. Lakini nilifanya kazi chini ya Edmond Mwilambwe kwa miaka kumi na mitatu, na nikaona hiyo inatosha kunipa ruhusa. Nilisoma kila ukurasa ulipotoka, ukiwa bado na joto.

Ukurasa wa tisa ulisema hivi: “Namba ya mgombea: 17. Idadi ya kutajwa: mara 452. Mvuto unaovuka nyanja: kazi za mgombea zimetajwa na waandishi wa nyanja kumi na moja.” Kisha nyanja zenyewe zilipangwa chini: kemia, jiolojia, kilimo, tiba, sheria, uchumi, historia, ualimu, saikolojia, siasa, theolojia.

Nilisimamisha mashine. Ile ya theolojia niliikumbuka vizuri kwa sababu niliichapa kwa vidole hivi. Ilikuwa mémoire, yaani kazi ya mwisho ya mwanafunzi, juu ya ubatizo wa watu wazima katika parokia moja ya Ruashi. Na kwenye orodha ya marejeo, katikati ya mapadre na maaskofu, alikuwa amekaa Edmond na makala yake juu ya asidi ya udongo.

Nilicheka peke yangu mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akauliza kama niko mzima.

Sasa nieleze namba kumi na saba ni nini, maana wengi wanaitamka bila kuielewa, na baadhi yao ni maprofesa. Chukua kazi zote za mtafiti. Zipange kuanzia ile iliyotajwa na wenzake mara nyingi zaidi mpaka iliyotajwa mara chache. Hesabu ukishuka. Ukifika kazi ya tano, nayo imetajwa mara tano au zaidi, endelea. Ukifika ya sita, nayo imetajwa mara nne tu, simama. Namba yake ni tano. Kwa hiyo Edmond alikuwa anadai kwamba ana kazi kumi na saba, na kila moja imetajwa angalau mara kumi na saba.

Aliyeshindana naye alikuwa mwanahesabu, Profesa Constance Mulenga. Namba yake ilikuwa sita. Mtu asiyejua angesema ameshindwa kabla ya kuanza. Lakini wanahesabu huandika kidogo na hutajana kidogo. Mwanahesabu akitajwa mara kumi, wenzake wanageuka kumtazama. Daktari akitajwa mara kumi, amekohoa tu. Kanuni za tume zilisema wazi kwamba kila namba ipimwe kwa desturi ya nyanja yake. Ndiyo maana Edmond aliweka zile nyanja kumi na moja: asionekane mwanakemia mwenye namba kubwa kidogo tu, bali mtu anayesomwa na kila mtu, kuanzia waganga hadi mapadre.

Caleb aliporudi nilimkabidhi nakala saba safi. Hakujua mimi ni nani. Edmond naye hakujua kwamba kibanda kile cha mtaa wa Makomeno, hapa Lubumbashi, chenye ubao wa “Secrétariat public”, yaani huduma ya kuchapa na nakala, ni changu. Hajawahi kuingia mahali ambapo kazi zake zinachapwa.

*

Kuanzia mwaka 1993 nilikuwa fundi wa maabara yake. Kabla ya hapo nilikuwa karakana ya reli kama baba yangu, na kwa miaka sita nilisoma shule ya jioni nikiwa bado na grisi kwenye kucha. Kazi yangu kwa Edmond ilikuwa visima. Kila Alhamisi nilipanda baiskeli nikapima visima kumi na vinne, tisa upande wa Ruashi na vitano upande wa Annexe. Nilikuwa na kamba yenye fundo kila nusu mita, jiwe mwishoni mwake, na chupa mbili kwa kila kisima. Niliandika kina cha maji, rangi, na harufu kama ipo. Jioni nilipima shaba maabara. Nilifanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Edmond alikuja mara mbili, na mara zote mbili alibaki ndani ya gari.

Mwaka wa sita niligundua kitu. Shaba iliyomo katika udongo wetu haiingii kisimani wakati mvua inanyesha, kama watu wote walivyodhani. Inaingia wiki ya tatu baada ya mvua kubwa, wakati kila mtu ameshaacha kuogopa. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari, nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, nikamwonyesha. Akasema tutaona.

Mwaka 2005 makala ilitoka katika jarida la Ulaya. Visima vyangu vyote kumi na vinne vilikuwemo. Sentensi ya wiki ya tatu ndiyo ilikuwa hitimisho. Juu palikuwa na jina moja tu.

Nilimuuliza mbele ya wenzangu, kwa heshima, asubuhi ya mkutano wa maabara. Nilisema sikudai kuwa wa kwanza. Ningetosheka kuwa wa pili. Alitoa miwani akaifuta.

“Floribert, thermomètre nayo inapima,” akasema. “Unataka niandike jina ya thermomètre ku article?”

Watu wakacheka. Akaona wamefurahi, akaongeza juu ya shule yangu ya jioni:

“Masomo ya magaribi inaangazaka magaribi tu.”

Toka siku ile chuo kizima kiliniita Thermomètre, kipimajoto. Wengine waliniita hivyo kwa upendo, na hao ndio walioniumiza zaidi. Mwaka uliofuata niliacha kazi, nikanunua kompyuta iliyotumika na mashine ya kuchapa, nikafungua kibanda. Nilikuwa na miaka hamsini na mitano. Sasa nina sabini na minne, na sijasahau hata mpangilio wa viti vya asubuhi ile.

*

Wanafunzi wa mwisho huja kwangu na mémoire zao zikiwa zimeandikwa kwa mkono, wengine sasa kwenye simu. Mimi ninachapa, ninapanga kurasa, ninaweka jalada gumu. Mwaka wa kwanza wa kibanda, msichana mmoja wa kemia aliniletea, pamoja na kazi yake, karatasi ndogo yenye majina ya makala sita. Zote zilikuwa za Edmond. Chini Edmond alikuwa ameandika kwa mkono wake: “Kama hizi sita hazimo, usinipe kazi yako nisome. E.M.”

Kati ya zile sita, makala ya visima ilikuwa ya kwanza. Niliitazama muda mrefu. Msichana akaniuliza aziweke wapi, maana katika kazi yake hakuna mahali zinapoingia. Nikamwambia aziweke mwishoni, na sentensi moja katikati inayosema “wengi wameandika juu ya hili”. Akapita vizuri.

Hiyo ndiyo desturi. Edmond aliongoza kazi za wanafunzi wa idara yake, na kwa sababu sauti yake ilisikika, idara nyingine zilimwomba awe mwenyekiti wa jury, lile baraza linalomhoji mwanafunzi siku ya mwisho. Awe wa sheria, awe wa historia, akijua Mwilambwe ndiye atakayekaa katikati, alikuwa anakwenda kuchukua karatasi. Hakuna aliyelalamika. Mwanafunzi anataka kumaliza. Na mimi nilikuwa ninawaambia hivyohivyo: weka, upite, uende ukatafute kazi. Siandiki hili ili nionekane bora kuliko nilivyokuwa.

Karatasi zile sikuzitupa. Mtu aliyepima visima kwa miaka kumi na mmoja hawezi kutupa karatasi yenye tarehe. Kila moja niliandika nyuma yake jina la mwanafunzi na siku, nikaiweka kwenye sanduku la bati. Baada ya Caleb kuondoka na nakala zake, nilifunga kibanda mchana kweupe, nikaenda nyumbani, nikafungua sanduku. Zilikuwa arobaini na moja.

Nilizipanga juu ya kitanda kwa mfuatano wa miaka. Mke wangu Léa alikuja akauliza atalala wapi. Nikamwambia asubiri. Nilipofika karatasi ya saba nilianza kuona, na nilipofika ya kumi na tano sikuwa na shaka tena.

Orodha ilikuwa inabadilika. Daima makala sita, lakini si zilezile. Makala ya visima ilikuwepo mwanzo, kisha ikatoka, nafasi yake ikachukuliwa na ile ya asidi. Ile ya asidi ikakaa, ikatoka, ikaja nyingine. Nikaanza kuhesabu. Kila makala ilikuwa inaondolewa ikishatajwa mara ishirini hivi, na mpya inaingia. Mtu anayetaka tu kusifiwa angewalazimisha wanafunzi wataje kazi yake bora milele. Edmond alijua jinsi namba inavyohesabiwa. Kazi moja iliyotajwa mara mia haipandishi namba. Kazi nyingi zilizotajwa mara ishirini ndizo zinazoipandisha. Alikuwa anazijaza moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaza madumu kwenye bomba.

Kwa wiki tatu sikuchapa kitu cha mtu. Chuo chetu huweka mémoire zote kwenye mtandao, na mashine zinazohesabu huko zinazisoma kama vitabu vingine. Nilizifungua moja moja. Nilipata kumi na sita nyingine, zilizochapwa kwenye vibanda vya wengine; sikuwa na karatasi zao, lakini makala zilikuwa sita zilezile za mwaka huo, kwa mpangilio uleule. Jumla hamsini na saba. Ndani yake Edmond alitajwa mara mia tatu thelathini na moja.

Nikazitoa. Katika 452 zikabaki 121. Nyanja kumi na moja zikabaki mbili. Makala ya asidi, iliyowabatiza watu wazima, ikabaki imetajwa mara mbili. Nyingine ikabaki na tano, nyingine tisa, na zilizosalia moja moja au kavu kabisa. Na moja ilisimama peke yake, imetajwa mara tisini na nne na watu wa Zambia, Ubelgiji, Brazili na Uchina, watu ambao Edmond hana cha kuwafanya: makala ya visima.

Namba yake ikawa tatu.

Léa alileta chai akasimama nyuma yangu. Nilimweleza. Alisikiliza vizuri, kwa sababu yeye hasomi sana lakini anahesabu haraka kuliko mimi.

“Baba Bénie,” akasema, “ile moja yenye kubakia, si njo ya kwako?”

Nikamwambia ndiyo.

*

Tangazo la tume lilisema mtu yeyote mwenye pingamizi alete kwa maandishi, na kwamba mgombea atapewa nakala na siku tano za kujibu. Niliandika kurasa kumi na mbili. Niliweka majedwali, nakala za karatasi zote arobaini na moja pande zote mbili, na ukurasa mmoja juu ya kupima namba ya mwanahesabu kwa kipimo cha wanahesabu. Profesa Constance simjui, na ukurasa ule sikuuandika kwa kumpenda. Nilitia saini jina langu lote: Floribert Banza.

Siku ya tatu Edmond aliingia kibandani. Alikuwa amenenepa na alikuwa na fimbo. Alitazama mashine, rafu, na majalada yaliyosubiri wenyewe.

“Njo apa unafanyaka kazi?” akauliza.

“Njo apa, Prof. Miaka kumi na kenda. Batoto bako bote banapitiaka apa.”

Aliketi bila kukaribishwa. Hakutukana, nami nikajua ameogopa. Alizungumza juu ya zamani, juu ya maabara, juu ya ujana unaomfanya mtu aseme maneno asiyoyapima. Kisha akatoa barua mfukoni. Ilikuwa ya kwenda kwa lile jarida la Ulaya, ikiomba jina la Floribert Banza liongezwe kwenye makala ya visima. Na lisiwe la pili. Liwe la kwanza. Alinieleza jambo nililokuwa ninalijua tayari, kwamba jarida halibadilishi chochote bila saini ya mwandishi aliyesajiliwa, na aliyesajiliwa ni yeye peke yake. Barua ilikuwa imekamilika isipokuwa saini.

“Unaondoa pingamizi yako leo,” akasema, “mi ninasaini leo. Kesho dunia yote inasoma jina yako.”

Niliisoma barua mara mbili. Jina langu lilikuwa limeandikwa sawasawa. Sitasema sikutamani. Nilitamani mpaka mate yalinijaa kinywani, mimi mzee wa sabini na minne. Nikamwomba mpaka kesho yake.

Jioni ile Léa hakunizunguka kwa maneno. Alisema nichukue jina. Alisema kisasi hakiandikwi kwenye karatasi yoyote, na kwamba mtoto wetu Bénie angeweza kuwaonyesha watoto wake makala yenye jina la babu, lakini hawezi kuwaonyesha aibu ya profesa. Alisema pia kwamba mimi nimelala na mtu huyu kitandani mwetu kwa miaka ishirini, na yeye amechoka kulala watatu. Kila neno lilikuwa kweli. Nilimsikiliza, nikageukia ukutani.

Nilichokuwa ninafikiri ni hiki. Kama nikichukua, jina langu litaingia pale kama Edmond alivyoingia kwenye ile mémoire ya ubatizo: kwa sababu mtu mmoja alimshika mwenzake mahali pabaya. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Nikichukua, Edmond atakuwa mkurugenzi, na mimi nitakuwa mtu aliyesaidiwa na mkurugenzi. Angelieleza hilo katika hotuba. Angeniita nisimame.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwake mwenyewe, nikamrudishia barua mbele ya Caleb.

“Saini yako ilinde, Prof,” nikamwambia. “Kwa tume batakuomba ukaandike.”

*

Tume ilikuwa na watu saba, na mwenyekiti alikuwa Mama Mbambu, profesa wa uchumi kutoka Butembo, mwanamke mfupi anayeandika kwa penseli. Walituketisha pande mbili za meza. Alianza na mimi. Akaniuliza ni mémoire ngapi zenye orodha zile nilizozichapa. Nikasema arobaini na moja. Akauliza ni wanafunzi wangapi niliwashauri waiache orodha. Nikasema hakuna hata mmoja. Akaandika. Akauliza kwa nini nazungumza leo. Nikasema kwa sababu leo inamuuma. Mjumbe mmoja akakohoa, lakini Mama Mbambu aliandika hilo nalo.

Edmond alijitetea vizuri, hilo nampa. Alisema mwalimu ana haki ya kuwaelekeza wanafunzi kwenye vitabu, na kama orodha ilichosha watu, anasikitika. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikubali hesabu yangu yote.

Alisema toeni hizo 331. Toeni theolojia na sheria. Kinabaki nini? Inabaki makala ya visima, iliyotajwa mara tisini na nne na wageni wasiomjua. Ipimeni kwa desturi ya nyanja yake, kama bwana huyu anavyopenda. Katika utafiti wa maji ya ardhini kwa nchi zetu, ni nani mwingine mwenye makala ya namna hiyo? Profesa Constance ana kazi sita nzuri. Yeye Edmond ana moja kubwa kuliko zote sita. Akanishukuru kwa kuisafisha.

Wajumbe wakatazamana. Nilikuwa nimefuta kila kitu kilichomfunika, na nilichokiacha kinang'aa mkononi mwake kilikuwa changu. Nikasema makala ile ni kazi yangu. Edmond akasema kwa upole kwamba bwana huyu alikuwa anamletea maji. Mama Mbambu akaomba madaftari ya vipimo. Edmond akasema mchwa waliyala zamani.

Mama Mbambu aliinamia makala, akageuza kurasa polepole. Alikaa kwenye mchoro mmoja. Kisha akachana karatasi mbili kutoka kwenye daftari lake, akasukuma moja kwangu, moja kwa Edmond, kama mwalimu wa shule ya msingi. Akasema kwenye kisima cha tisa, mwaka 1997, kuanzia mwezi wa kumi, kuna wiki sita bila kipimo. Visima vingine vyote vimepimwa. Kila mmoja aandike sababu, na asitazame kwa mwenzake.

Edmond alimtazama kama mtu aliyevuliwa kofia na upepo. Profesa kufanyishwa mtihani na mchapaji! Lakini wajumbe walikuwa wanangoja, akaandika. Mimi nilikuwa nimeshamaliza.

Mama Mbambu alisoma ya Edmond kwanza. Alikuwa ameandika: vita.

“Mwezi wa kumi?” akasema Mama Mbambu. “Askari waliingia Lubumbashi mwezi wa ine, Prof. Na vita vilichagua kisima kimoja?”

Kisha akasoma yangu, taratibu. Niliandika kwamba mwenye kisima cha tisa alifariki, na mjane wake, Mama Edith, alikifunika kwa bati akaweka mawe juu mpaka siku ya arobaini, siku ya kumaliza kilio. Alisema kisima ni mahali pa kucheka, kwamba wanawake wakikutana kuteka maji hawawezi kunyamaza, na hakutaka kicheko kwenye kiwanja cha marehemu. Kila Alhamisi nilifika, nikatoa pole, nikaandika neno “kilio” mahali pa namba, nikaendelea kwenda cha kumi. Nikaongeza kwamba Mama Edith yuko hai, bado anakaa Ruashi, na namba yake ya simu ni hii.

Mama Mbambu alipiga palepale, akaweka simu katikati ya meza. Alijitambulisha, akauliza kama anamkumbuka mtu aliyekuwa anapima kisima chake.

“Ule papa wa kinga na kamba?” sauti ikasema. Kwetu kinga ni baiskeli, na siku ya ine ni Alhamisi. “Alikuwaka anakuya kila siku ya ine, anatoa salamu, anaandika, anapanda kinga yake. Juu ya nini, amekufa?”

Hajafa, akaambiwa. Na je, Profesa Mwilambwe anamkumbuka?

“Profesa gani?”

Mama Mbambu alimshukuru akakata simu. Edmond alikuwa anakunja ile karatasi yake ndogo, mara mbili, mara nne, mpaka ikakataa kukunjwa zaidi.

*

Uamuzi ulibandikwa siku nane baadaye. Tume ilisema haina mamlaka ya kuongeza jina la mtu kwenye makala, lakini ina mamlaka ya kuamua nini kihesabiwe. Makala ya visima isihesabiwe kwa mgombea Mwilambwe. Namba yake ikawa mbili. Profesa Constance Mulenga akawa mkurugenzi. Desturi ya orodha ikapigwa marufuku. Na katika aya ya tano, pamoja na wale waliosaidia desturi hiyo kuendelea, limeandikwa jina langu lote, Floribert Banza, mchapaji. Ndiyo mara pekee limechapwa kwenye karatasi za chuo kile. Nina nakala.

Edmond nilimkuta kwenye ukumbi, mbele ya ubao wa matangazo. Watu walikuwa wanapita mbali naye kidogo, kama wanavyopita mbali na ukuta uliopakwa rangi muda si mrefu. Alingoja mpaka tukabaki wawili.

“Ile jina hautaipata tena,” akaniambia. “Sitasaini. Hata nikufe.”

“Mi sikuwaka nayo, Prof,” nikamjibu. “Weye njo ulikuwa nayo.”

Nilitaka kuandika hapa kwamba nilipotoka nje nilijuta, kwa sababu nimesoma kwamba hivyo ndivyo kisasi kinavyomalizika. Sikujuta. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, na magoti hayakuniuma. Léa alikuwa amepika bukari, ugali wetu, na samaki. Aliniuliza sasa ile makala ya visima ni ya nani. Nikamwambia si ya mtu. Akasema amekaa na mume asiye na jina kwenye karatasi kwa miaka arobaini, na mtu anazoea.

Nikanawa mikono nikasogea mezani.

“Edmond naye atazoea,” nikasema, nikaomba aniongezee.